Marahaba ya Misima

Mama Elizabeti tulimzika Mashewa siku ya Jumamosi, saa nane mchana, jua kali hata mabati yanalia. Tulipotoka makaburini wanawake tulirudi ndani tukajibana kwenye mikeka, na mabinti wakaanza kugawa wali na maharage. Nilikuwa nimeshika sahani yangu ndipo sauti ya marehemu ikaingia dirishani. "Tatu. We Tatu. Umefunga mlango wa jiko?" Ile ile ya kwake, yenye mkwaruzo kidogo, na haraka yake ya mtu ambaye siku zote ana maziwa yamewekwa motoni. Binti yake mkubwa alidondosha upawa. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alijifunika kanga usoni na kuanza kusali. Na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, niliyemwona kwa macho yangu anashushwa na kufukiwa, nikaitika: "Abee mama, nimefunga." Nikaja kuzinduka wote wananitazama. Niliinuka nikachungulia dirishani, na pale chini, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, amechuchumaa mwanaume mwenye mvi kichwa kizima, anakuna mchanga kwa kijiti. Saidi. Nani alimpelekea habari ya msiba sijui mpaka leo. Hakuinua uso, hana kawaida hiyo. Nikawageukia wenzangu nikawaambia wale chakula chao, huyu ni mtu wangu, si jini wala mzuka. Hawakuniamini, na sikuwalaumu, maana mwaka wa kwanza nilipomjua Saidi hata mimi nilifunga begi nikimbie.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sina kazi, sina mchumba, nina ulimi tu. Nikasikia kuna nyumba Ngombezi, nje kidogo ya Korogwe, wanatafuta msichana wa kusaidia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya zamani, ukipita kambi za vibarua wa shamba la mkonge, na ndani yake waliishi watu wazima saba wenye ulemavu wa akili. Watu wazima nasema, wenye ndevu, wenye mvi, wengine wamenizidi miaka ishirini, ingawa majirani wote waliwaita watoto wa Mama Elizabeti. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Wafadhili walilipa kodi ya nyumba na chakula, sisi wawili tukawafundisha kazi na maisha: kupika ugali bila kujiunguza, kwenda dukani na kurudi, kuishi na watu. Nisikudanganye, sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu kazi ilikuwa na chumba cha kulala. Chumba kilinuka mkonge mbichi, ile harufu chachu inayokaa kwenye nguo hata ukifua mara tatu, na mchana kutwa tulisikia korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikinguruma ng'ambo ya uwanja. Tuliiita hivyo miaka mingi kabla ugonjwa haujaliharibu hilo jina. Mbele ya dirisha langu singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, zilianikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, mpaka macho yanapoishia, na upepo ukivuma zote zinainama upande mmoja. Jioni nilikuwa nafunga dirisha mapema. Sikupenda kuziona zikiinama.

Wiki ya kwanza, Mama Elizabeti alikwenda sokoni Korogwe akaniachia nyumba. Nikiwa uani nafua, nikamsikia ananiita jikoni. Nikaitika, nikaingia. Hakuwepo. Kulikuwa na Saidi peke yake, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anachambua maharage, punje moja moja, mgongo umenielekea. Nikatoka. Akaniita tena: "Tatu! Mchele huo umeuosha?" Nikarudi mbio, na safari hii niliona midomo ya Saidi inamalizia neno la mwisho. Nyumbani nilifunzwa nisiitike wito wa kwanza, nisubiri wa pili, kwa kuwa wasiokuwa watu huita mara moja. Sasa huyu aliita mara mbili na bado hakuwa yeye. Mama Elizabeti aliporudi alinikuta barazani nimekaa juu ya begi langu. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akakaa karibu yangu, akaniambia hakuna shetani pale. Kuna watu, akasema, wameumbwa hivyo. "Wewe na mimi tunayameza maneno tunatoa ya kwetu. Yeye anayatoa mazima, kama yalivyoingia." Saidi hakuwa na maneno mengi ya kwake mwenyewe, zaidi ya ndiyo, hapana na salamu. Yaliyobaki yote yalikuwa ya watu, na kila neno lilitoka na sauti ya mwenyewe, kikohozi chake na kigugumizi chake.

Mtu mzima hatishiwi nyau, nikajiambia, nikafungua begi. Lakini zilikuwepo sauti ambazo hata Mama Elizabeti hakuzijua. Saidi alifika pale miezi kadhaa kabla yangu. Mwanaume mmoja alimleta asubuhi, akasema amemwokota stendi, hana ndugu wala kwao hapajulikani, anajua jina lake tu, akaondoka hata chai hakungoja. Sauti alizokuja nazo ndani yake zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya konda wa basi, "Misima, wa Misima shukeni," na hiyo tuliipenda, ilituchekesha. Ya pili ilikuwa ya mwanamke wa makamo, mpole, anayeongea chini kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Hiyo ilitoka siku moja tu kwa wiki, siku ya kufunga kamba za mkonge tulizosokota kwa kuuza. Tulizikunja, tukazilaza juu ya kiroba cheupe, tukazizungushia na kushona. Saidi akiona kile kitu kirefu cheupe kimelala sakafuni, anaacha kazi. Mikono inashuka. Ndipo mwanamke yule anasema kupitia kwake: "Mgomba huu mwepesi, Ramadhani. Tia mawe. Wakibeba watashtuka." Kisha Saidi anarudi kwenye kazi. Tulikuwa tukila mchana baada ya hapo, ugali na mchicha, na hakuna aliyekuwa na hamu. Jeni, mwanamke mfupi mcheshi, mwenye ule ulemavu wa kuzaliwa unaompa mtu uso wa mviringo na macho madogo, ndiye peke yake aliyesema tulichokuwa tunakiwaza sote. Alisukuma sahani yake akasema mwanamke huyo yeye hamtaki mezani.

Kwenye kamba, Saidi alikuwa fundi. Kamba ndefu haisokotwi umekaa. Mmoja anazungusha gurudumu lenye ndoano, mwingine anashika singa kiunoni na kwenda kinyumenyume, analisha singa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, bila kugeuka. Wengi wanageuka kutazama wanakokwenda na kamba inavimba pale walipogeuka. Saidi hakugeuka hata mara moja. Jeni anazungusha, Saidi anarudi nyuma, anapungua, anapungua, mpaka anafika mwisho wa uwanja kati ya zile singa nyeupe, na ukichelewa kumwita anaendelea tu. Wafugaji walikuja kutoka upande wa Handeni kununua kamba zake za kufungia ndama, hawakutaka za mwingine. Mimi ndiye niliyemfundisha, na hapo nilifanya kosa. Nilimfundisha kwa mdomo, na kazi ikaingia pamoja na mdomo wangu. Kila siku nikawa najisikia mwenyewe uwanjani: "Shika. Lisha. Rudi." Hiyo nilivumilia. Siku moja akaongeza, kwa sauti yangu, kavu, yenye mwayo: "Huyu naye zigo, angebaki hukohuko alikookotwa." Nililisema neno hilo jikoni wiki ya kwanza, nikimwambia Mama Elizabeti, Saidi amekaa pembeni yetu, nami nikidhani kuongea mbele yake ni kuongea mbele ya kabati. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilijaribu kumfundisha mengine juu yake, mazuri, nikayarudia siku nzima. Aliyachukua yote. Lile la zamani halikutoka.

Somo tulilolikazania kuliko yote lilikuwa salamu. Mama Elizabeti aliamini kuwa mtu akijua kuamkia hatolala nje katika nchi hii. Basi tukawafundisha: ukifika kwa mtu mzima, simama, sema shikamoo, ngoja marahaba, ndipo usogee au useme shida yako. Saidi alilishika somo hilo mpaka likawa adhabu. Muuza duka wa kambini alikuwa na tabia ya kutojibu akiwa anapanga bidhaa, na Saidi alisimama mbele ya dirisha lake na chupa ya mafuta mkononi, shikamoo, kimya, shikamoo, kimya, hadi foleni nyuma yake ikapiga kelele mjibuni mwenzenu jamani. Akijibiwa, uso unatulia, anasogea. Tulicheka. Tulijisifu kwa wageni kuwa tumemfundisha adabu.

Mvua za vuli zilipoanza, barua ikaja. Wafadhili wanaondoka, nyumba itafungwa mwisho wa mwaka, kila mkazi apelekwe kwa ndugu zake. Mama Elizabeti aliisoma mezani kwa sauti kwa kuwa aliona ni haki yao kusikia. Jeni alikuwa na shangazi mwenye genge sokoni Korogwe, na shangazi alimhitaji. Wengine, mmoja mmoja, tuliwapatia pa kwenda, vizuri au vibaya. Akabaki Saidi. Asiye na kwao, mwenye nyumba angemtoa nje na vyombo vyake, na mtu anayeongea kwa sauti za wengine hadumu barabarani; watu wangempiga mawe kwa kudhani ni mchawi. Hilo lilininyima usingizi. Tulichokuwa nacho ni yale aliyokuja nayo: Misima, na jina Ramadhani. Mama Elizabeti akasema kuanzia hapo kutafuta mtu si kazi ngumu, Misima si Dar es Salaam. Tukamvalisha shati jeupe, tukaenda.

Tulishuka kukaribia saa sita mchana. Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa mwanamke anayepepeta mahindi mbele ya nyumba yake. Saidi akasimama, miguu pamoja, tulivyomfundisha: "Shikamoo mama." Mwanamke akainua macho. Akauweka ungo chini taratibu, akainuka, akaanza kwenda kinyumenyume mpaka akaingia mlangoni, na tukasikia komeo. Saidi akangoja. Tulimvuta mkono. Nyumba ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu, shikamoo haijibiwi, milango inafungwa mchana kweupe, na nyuma yetu watoto wakaanza kukusanyika mbali, kimya, bila kucheka wala kurusha hata kijiti. Nilishafika vijiji vingi. Sijawahi kuona watoto wamenyamaza vile. Mwishowe mzee mmoja akatujia, Mzee Jumaa, midomo inatembea kwa dua, macho yamemganda Saidi. Nilimwamkia, akaniitikia mimi. Saidi alipomwamkia hakumwitikia. Akamuuliza Mama Elizabeti mtu huyu ni nani na tumemtoa wapi. Mama Elizabeti akasema anaitwa Saidi, amekaa kwetu Ngombezi karibu miaka miwili.

"Saidi nimemchimbia kaburi kwa mikono yangu," Mzee Jumaa akasema. "Lile pale."

Lilikuwa nyuma ya nyumba ya udongo, kando ya migomba, tuta lililosafishwa vizuri, na kibao cha mbao kilichoandikwa jina kwa rangi ya bluu. Saidi hajui kusoma. Alikwenda akakishika kibao, akapapasa ukingo wake kama anavyopapasa mbao zote, akamtoa kwa kucha mchwa aliyekwama pale. Nilimwangalia shingo, nikamwangalia kivuli chake chini, ndiyo, nilitazama kama ana kivuli, mimi niliyekula naye mwaka mzima. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mzee Jumaa alitueleza kuwa Saidi alikufa kwa ugonjwa wa kuhara, mama yake na kaka yake wakasema unaambukiza, wakamwosha na kumkafini wenyewe ndani, watu wakakabidhiwa jeneza tu, wakamswalia na kumzika kabla ya adhuhuri.

Mwenye nyumba ya udongo akatoka. Mama Elizabeti akanifinya mkono. Ndiye yule yule aliyemleta Saidi akisema amemwokota. Alikuwa Ramadhani, na alitutazama kwa chuki ya mtu aliyeogopa muda mrefu. Ndani, nyuma yake, gizani, niliona miguu ya mwanamke na pindo la kanga. Saidi akaiona pia. Akasimama mbele ya kizingiti, miguu pamoja. "Shikamoo mama." Miguu haikusogea. Akangoja, akasema tena. Sasa nilielewa tumefanya nini kwa lile somo letu. Kumjibu ni kukubali mbele ya kijiji kizima kuwa yu hai, na yeye bila kujibiwa hatoki pale. Adhuhuri ikaadhiniwa. Watu wakajaa kwenye ua, wanakaa mbali na kaburi na mbali na sisi. Jasho lilimtiririka Saidi likaliloanisha shati lote. Shikamoo mama, shikamoo mama, kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo aliyokuwa nayo. Nilimwambia Mama Elizabeti tumchukue, tuondoke, hawa si watu. Akakataa. "Anangoja," akasema. "Tumemfundisha wenyewe." Alikuwa analia.

Ilipokaribia alasiri Ramadhani akachoka. Akawageukia watu, akasema kwa sauti kubwa wamefuatwa na matapeli, wasichezewe akili, Saidi wao walimvika sanda nyeupe mbele ya Mungu, walimfunga, walimzika. Sijui ni neno gani kati ya hayo lililomfikia Saidi. Niliona mikono yake inashuka, nikajua. Nilitaka kumziba mdomo, sikuwahi. Sauti ya mwanamke mpole ikatoka, ya chini, na ua mzima ukaisikia kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapumua: "Mgomba huu mwepesi, Ramadhani. Tia mawe. Wakibeba watashtuka."

Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ni sauti ya nani. Walikuwa wakiisikia kila siku kisimani. Mzee Jumaa alikaa chini palepale kwenye vumbi, na kanzu yake. Akasema alibeba ubavuni, aliguswa na kitu kigumu, akauliza, wakamwambia maradhi yamemkausha. Kisha akamtazama Ramadhani, akauliza polepole: "Tulimswalia nani?" Watu wakageuka kulitazama lile tuta kama linaweza kuwajibu. Ramadhani alisema yote baada ya hapo, hakukuwa na wa kumlazimisha. Ilikuwa posa ya dada yao Mwajuma. Wakwe wa Handeni mjini walikuja kuchunguza ukoo kama ilivyo desturi, kama kuna kifafa, kama kuna ukichaa, wakasikia kuna kijana anaongea kwa sauti za watu, wakarudi nyuma. Basi wakaona heri awe amekufa. Walikata mgomba jioni, wakaufunga sanda sakafuni, na Saidi alikuwepo chumbani humo anakula mihogo. Hawakumtoa. Hawakudhani kuna haja.

Ndani ya nyumba miguu ikasogea. Mama yule alikuja hadi mlangoni, mwembamba, si mzee sana kama nilivyotarajia, akashika mhimili kwa mikono miwili. Alimtazama Saidi muda mrefu.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, baba."

Uso wa Saidi ukatulia. Akavua ndala, akavuka kizingiti, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya kulia karibu na jiwe la kusagia, akakaa, akakunja miguu, na ilionekana wazi kuwa hapo ndipo alipokuwa akikaa siku zote. Ramadhani akamshika mama yake bega, akamwambia wakwe watasikia kabla ya magharibi, Mwajuma ataachika. Mama akautoa mkono ule begani kwake. Akasema Mwajuma ana mdomo wa kujitetea. Kisha akaniita mimi, nikakaribia, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwa ile sauti ya chini niliyoijua mwaka mzima kabla sijamwona.

"Mwanangu, wewe umeishi naye. Sauti yangu anayo nyingine? Nimemlea miaka thelathini. Nilikuwa naongea naye."

Nilitaka kumdanganya. Ningeweza, nilikuwa na ulimi wa kutosha, ningemtungia jambo zuri akalala nalo. Lakini nilikuwa najua, kwa sababu nami nilikuwemo mle ndani ya Saidi na neno langu moja baya.

"Hapana mama," nikamwambia. "Hiyo tu."

Alikanyaga ndani, akakaa chini sakafuni mbele ya mwanawe, karibu kabisa, magoti yakagusana, naye Saidi akatazama pembeni kama kawaida yake.

"Basi niachieni," akasema bila kugeuka. "Nina mengine ya kumwambia, na muda wenyewe umeshakwenda."